Mkwe Wangu Asiwe Hakimu Wangu

Miritini,
Jumatatu, 11 Machi 1946.

Kwa Mheshimiwa Bwana Mudiri,
Changamwe.

Bwana Mudiri,

Salamu nakuletea kwa mkono wa kulia na malalamiko kwa mkono wa kushoto, nawe uyapokee yote kwa subira maana yanatoka kwa mtu mmoja. Mimi ni Erastus Kalama wa Ngowa, mgeuza reli katika stesheni ya Miritini. Huenda wanikumbuka. Ndimi niliyesimama mbele ya meza yako mwezi uliopita pamoja na jirani yangu Charo wa Mramba, mgema, yeye akinishitaki kwamba nimeifunga kwa ua wa makuti njia ipitayo uani kwangu, nami nikikiri kwamba ndiyo, nimeifunga, na makuti niliyasuka mwenyewe.

Siku hiyo ulitutazama sisi, ukawatazama watu waliojaa wakingoja zamu yao, kisha ukasema maneno ambayo watu wa Miritini wanayasifu hadi leo. Ulisema shauri kama letu halina haja ya mahakama. Twende nyumbani, kila mmoja achague mwamuzi wake, na hao wawili wamchague wa tatu, na watakaloliamua wote watatu ndilo litakalokuwa. Tukatia sahihi, Charo kwa kidole na mimi kwa kalamu. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, maana nilijiona nimeponea chupuchupu.

Sasa nakuandikia kukuomba unirudishie kesi yangu. Imemalizwa kabla sijashiba nayo, na imemalizwa kwa wema mwingi kupita kiasi.

Kwanza nikueleze njia yenyewe. Inatoka stesheni, inapita kati ya nyumba yangu na jiko, inakwenda kisimani, kisha kwa Charo, kisha kanisani. Apitaye hapo hana budi kuona tumepika nini. Nilipoulizwa kwa nini nimeifunga nilitaja sababu tatu: vumbi, kuku wa watu, na salamu. Vumbi na kuku niliviongeza ili salamu zisisimame peke yake. Shida yangu ni salamu. Wewe ni mtu wa pwani, wajua salamu zetu hazina haraka. Mtu akipita ataniuliza hali yangu, ataniuliza hali ya mke wangu Agneta, ya mbuzi, ya kazi na ya mgongo wangu, kisha atashusha sauti, aseme, "Na Ngowa je?" Ngowa ni mwanangu, mwenye jina la baba yangu, sina mwingine. Aliingia jeshini mwaka wa arobaini na mbili, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Vita vimekwisha, meli zinawashusha watoto wa watu Kilindini, naye hajashuka. Hatujaambiwa amekufa, hatujaambiwa yu hai. Basi nikaifunga njia.

Hayo ndiyo mambo yalivyokuwa kabla ya suluhu. Sasa soma suluhu ilivyonitenda. Nimepanga kwa nambari, kama tulivyofundishwa misheni.

1. Kuhusu mwamuzi wa Charo. Nilitazamia atamchagua mgema mwenziwe, au yule shemeji yake mwenye duka, mtu ninayeweza kumkatiza maneno. Charo akamchagua Mama Nyamvula wa Bofu, huko Likoni. Bwana Mudiri, Mama Nyamvula ndiye aliyemzaa Agneta. Ni mkwe wangu. Charo anadai kuwa ni shangazi yake wa ukoo, na ukoo wao ni mpana kiasi kwamba hata wewe wakikutaka watakupata humo.

Sijui kwenu, lakini kwetu mkwe wa kike hatazamwi usoni, hakatizwi maneno, wala haambiwi "hapana". Nikikutana naye njiani mimi huingia kichakani mpaka apite, na vichaka vya Bofu vina upupu. Tangu nimwoe binti yake sijapata kumwambia neno lolote isipokuwa "Labeka, mama", na hilo nalo nalisemea ardhi. Ukiniuliza uso wake ni mrefu au wa mviringo, sitaweza kukujibu. Miguu yake naijua vizuri sana. Sasa mtu wa namna hiyo, ambaye kila akisema nami nakubali, ndiye aliyeletwa kuamua kati yangu na adui yangu.

Utasema ningempinga. Kusimama mbele za watu na kusema mkwe wako hafai kuamua ni tusi, na faini ya tusi hilo ni mbuzi, na mimi mbuzi ninaye yule mmoja anayeulizwa hali kila asubuhi. Nikasema nimeridhika. Charo alikuwa ameinama kwa adabu, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

2. Kuhusu mwamuzi wangu. Mimi nami si mtoto. Nilikaa nikapiga hesabu, nikamchagua Mzee Kahindi wa Jomvu, ambaye ni mtani wa Charo. Ukoo wa Kahindi na ukoo wa Charo ni watani tangu babu zao, na mtani wako hata akikuambia nini huna ruhusa ya kununa. Nikafikiri hapo nimemshika. Yeye ameniletea mtu nisiyeweza kumjibu, nami nitamletea mtu asiyeweza kumkasirikia.

Kahindi alitukana vizuri, siwezi kumlaumu. Alisema ukoo wa Charo hauna haja ya njia kwa sababu wezi hupita porini. Alisema Charo mwenyewe amezoea sana kupanda minazi ya watu hata akitembea chini huwa anatafuta mahali pa kushika. Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Charo, akampa kata ya tembo ili koo lisikauke. Ikawa kila hoja yangu ikipitia kinywani mwa Kahindi inageuka mzaha. Aliposema kwa uzito kwamba mtu ana haki ya kuziba ua wake, watu walishika mbavu. Aliposema, "Wallahi sitanii," bibi mmoja ilibidi atolewe uani kwa kucheka.

3. Kuhusu namna nilivyokalishwa. Shauri lilisikilizwa uani kwa Charo, siku ya Jumamosi, tarehe 2 mwezi huu. Mimi nilichelewa, maana ua nilioujenga ulinilazimisha nizunguke kupitia stesheni, nikafika nahema wakati wenzangu wamekwisha kunywa chai. Kwa kuwa mimi na mkwe hatuonani, ilitundikwa kanga katikati, yeye akakaa nyuma yake na mimi mbele yake. Kwa hiyo kesi yangu yote niliisemea kanga.

Ingekuwa kanga tupu ningevumilia. Hii iliandikwa kwa herufi kubwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kila nikiinua macho nieleze faida ya kuziba njia, kanga inanijibu. Nikalalamika kwamba kanga inatoa ushahidi bila kuapishwa. Mwamuzi wa tatu akasema kanga haijafungua kinywa, mimi ndiye ninayeisoma, na kama inanisumbua nifumbe macho. Nikafumba, watu wakadhani nasali, nao wakainamisha vichwa. Tukakaa hivyo kwa muda mpaka Kahindi akasema "Amina".

4. Kuhusu huyo mwamuzi wa tatu. Jina lake ni Wafula, mtu wa bara, mchochea moto wa injini ya gari la moshi. Alichaguliwa kwa sababu hana mkwe wala mtani mahali popote kuanzia hapa hadi Mazeras. Ni mtu mwema, ila hajui kuzunguka maneno. Aliniuliza, "Mzee Kalama, hii njia ilikukosea nini?"

Nikasema vumbi. Akasema, "Moshi ya injini yangu inaingia mpaka kwa chungu ya mama. Mbona hujafunga reli?" Nikasema kuku wa watu wananitia hasara. Akataka kujua kuku wangu mimi wako wapi. Walikuwa hapo hapo kwa Charo, wakila mtama ulioanikwa, na jogoo wangu alikuwa akiwika katikati ya ushahidi wangu. Ndipo nikasema salamu. Wafula akaniuliza, kwa moyo safi, maana hakujua, "Ni salamu gani hiyo mbaya?"

Bwana Mudiri, watu wote pale walijua jibu. Charo alijua. Mwanawe Mramba, aliyetoka Bama kabla ya Krismasi, alikuwa amekaa pembeni na viatu vyake vya jeshi, naye alijua, akawa anavitazama. Agneta alikuwa jikoni na wanawake, na kelele za sufuria zikakoma. Na nyuma ya kanga mkwe wangu alijua, maana Ngowa ni mjukuu wake. Hakuna aliyenisaidia hata kwa kikohozi. Nami ningesema nini? Kwamba kila nikijibu "bado" naona kama nimemsogeza mwanangu mbali hatua moja? Linaniuma swali hilo. Linaniuma kuliko mgongo. Lakini mwanamume halii mbele ya mkwe wake, hata kama kuna kanga. Nikasema, "Ni ndefu." Na ndivyo ilivyoandikwa: mshitakiwa ameifunga njia kwa sababu salamu ni ndefu.

5. Kuhusu hukumu. Walikwenda kushauriana nyuma ya jiko. Nilitumaini watagombana, kama waamuzi wenye heshima wanavyopaswa, ili tuahirishe. Hawakukawia. Kahindi alirudi bila utani wowote usoni, jambo lililonitia hofu, akatamka kwa niaba ya wote watatu mambo haya. Kwamba ua uvunjwe, na niuvunje mwenyewe kwa mkono wangu kabla ya Jumapili ya tarehe 17. Kwamba Charo afagie njia kwa ajili ya vumbi. Kwamba kuku wa kila mtu wafungwe, wakiwemo wangu. Na kwamba kuanzia siku hiyo, yeyote apitaye uani kwa Kalama aseme "Hamjambo" na aende zake, wala asiulize habari ya mtu yeyote mpaka Kalama mwenyewe aianze.

Hapo ndipo waliponionea zaidi. Mimi sikuwaomba wanielewe. Niliwaomba wanipe haki. Mtu akishindwa kesi anataka angalau awe na la kunung'unika, na hawa walininyima hata hilo.

6. Kuhusu chakula. Wajua kwamba kwetu suluhu isiyoliwa bado ni ugomvi. Kila upande ulitoa kuku mmoja, wakapikwa pamoja, tukawekwa mimi na Charo kwenye sinia moja, bila mtu mwingine. Niliazimia kula kwa hasira. Nilimega tonge langu upande wangu, sikuvuka. Charo akaipapasa firigisi, akaiona, akaisukuma taratibu mpaka ikawa mbele ya vidole vyangu. Nikairudisha. Akaileta tena. Mwisho nikaila.

Sasa nakuuliza kwa heshima, nitamshitaki vipi mtu aliyenipa firigisi? Kuna sheria gani inayoruhusu adui kumtendea mwenziwe hivyo? Katika mahakama ya kweli nasikia mshitaki na mshitakiwa hawalishwi hata maji, na kila mmoja hurudi kwake na chuki yake ikiwa nzima. Huo ndio utaratibu.

7. Kuhusu yaliyotokea baada ya hapo. Ua bado umesimama, kwani Jumapili haijafika, nami sina haraka. Lakini kile kifungu cha salamu watu wamekwisha kuanza kukitii, na wanakitii kupita kiasi. Nikienda kisimani, naambiwa "Hamjambo" na macho yanaangalia ndoo. Kanisani watu wananipisha kwenye benchi kama nimefiwa. Yule mama muuza maandazi, ambaye hajapata kufunga kinywa tangu azaliwe, ananihesabia maandazi kimya kimya na kunitilia moja la bure. Nilidhani kuulizwa ndiko kunakoniuma. Sasa siulizwi, na naona ni vibaya zaidi, maana jina la mwanangu halitajwi tena Miritini hata na kasuku. Lawama hii naiweka juu ya waamuzi wote watatu kwa pamoja, na kila mmoja kwa nafasi yake.

8. Kuhusu mimi na bendera. Baada ya shauri, mkwe wangu hakurudi Likoni. Amekaa kwa Charo, akisema anangoja kuona hukumu yake ikitimizwa. Kila siku huja kumtazama binti yake, na kwa kuwa njia imezibwa, huzunguka kupitia stesheni, pamoja na Agneta mwenye mtungi kichwani. Wakifika relini wakati gari linapita husimama wangoje. Mimi ndiye mwenye bendera. Hebu fikiria, Bwana Mudiri, mwanamume mzima ampungie mkwe wake bendera ya kijani avuke, na huku hana ruhusa ya kumtazama. Juzi nilipunga nikiwa nimegeukia kwingine, na dereva wa gari la mizigo akadhani ni yeye ninayemwita. Msimamizi wa stesheni ameniuliza kama nina tatizo la macho. Nikamwambia ni tatizo la usuluhishi.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo.

(a) Hukumu ya waamuzi ibatilishwe, na ua wangu ulindwe na serikali.

(b) Iwe marufuku katika wilaya yote kwa mkwe, mtani, jirani, au mtu yeyote anayelijua jina la mtoto wa mshitakiwa, kuwa mwamuzi. Najua masharti haya yatawaondoa watu wote wa Miritini, na hilo ndilo kusudi langu.

(c) Shauri lipelekwe kisiwani, kwa hakimu Mzungu, mwenye kitabu kinene, ambaye hajaniona wala hatanikumbuka. Nasikia huko mtu huitwa kwa nambari. Nataka kuitwa kwa nambari. Huko hakuna atakayenihurumia, na huruma za watu hawa zimenichosha mpaka mifupani.

(d) Salamu ziwe na ratiba kama gari la moshi. Mimi nitatoa bendera. Nikiinua nyekundu mtu apite kimya, nikiinua kijani aseme, lakini asiseme sana, wala asiseme kidogo. Kuhusu Ngowa, itungwe sheria kwamba watu wasiniulize, na sheria ya pili kwamba wasiache kuniuliza. Namna ya kuzipatanisha sheria hizo mbili nawaachia wataalamu.

(e) Mramba, mwana wa Charo, arudishwe Bama mpaka Ngowa apatikane, ndipo waje pamoja kama walivyokwenda pamoja. Ombi hili nimeliandika, na sasa nikilisoma naliona si zuri. Kijana hana kosa lolote. Alipofika tu, kabla hata ya kula kwa mama yake, alikuja kwangu na mzigo wake mgongoni, akaniambia, "Baba, tulitenganishwa India. Nilimwacha mzima, anacheka." Siwezi kulifuta kwa sababu karatasi ni hii moja, lakini usilitekeleze.

Nakomea hapa, maana gari la saa kumi linakaribia, na nisipokuwapo litakwenda lisikotakiwa. Nisalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie karani wako mwenye mwandiko mzuri, na yule askari mrefu wa mlangoni aliyenionyesha pa kukaa. Nisalimie wote wanaongoja zamu yao barazani, na uwaambie kutoka kwangu wasikubali kupatanishwa, wataumia. Charo akifika huko, naye msalimie, ila kwa ufupi kama hukumu inavyotaka.

Ni mimi, mtumishi wako niliyepatanishwa kwa nguvu,

Erastus Kalama wa Ngowa,
mgeuza reli, Miritini.

Nyongeza, Jumanne.

Barua hii sikuwahi kuitia posta jana, na leo mambo yamenigeuka.

Asubuhi nilikuwa uani nikifunga makuti yaliyolegea. Mkwe wangu alikuja upande wa pili wa ua akasimama. Hakuzunguka stesheni. Nilimjua kwa kikohozi. Nilitaka kukimbilia jikoni, kisha nikaona sina haja, maana makuti yako kati yetu na hatuonani. Nadhani naye ndivyo alivyopiga hesabu, kwa sababu alinisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, na hajapata kufanya hivyo maishani mwake. Akasema, "Baba Ngowa, sikuja kuamua. Hayo yamekwisha. Nataka kuuliza tu, mjukuu wangu akishuka hapo stesheni, atapita wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba nitakuwa kazini, nitamwona akishuka, nitamshika mkono nimlete. Halafu nikakumbuka kwamba siko zamu kila siku, na kwamba Ngowa hana habari ya ua. Atakuja na mzigo wake kwa njia anayoijua tangu alipoanza kutembea, aikute imezibwa, adhani wazee wake wamehama au wamechoka kumngoja. Nimebishana na watu wengi kuhusu ua huu, hata na kanga, lakini hoja hiyo hakuna aliyeitoa, wala mimi sikuiwaza. Tena mkwe hajibiwi. Nikasema, "Labeka, mama," na sauti ilinikatika katikati, naye alisikia, kwa sababu upande wake pia nilisikia mtu anapenga kamasi.

Nimeukata ua kwa panga langu. Charo alikuja kunisaidia bila kuitwa, na Kahindi alikuja kututukana sote wawili. Mkwe wangu alipita wa kwanza kwenda kwa binti yake. Nilimpisha nikitazama chini kama ipasavyo. Miguu yake imevimba kwa kuzunguka.

Kwa hiyo, Bwana Mudiri, hukumu ya waamuzi ibaki kama ilivyo, isipokuwa kifungu cha salamu fupi, hicho naomba kifutwe. Wakinisikiliza, watu wapite waulize kama zamani. Ukimtuma yule askari mrefu na majibu, mwambie akishuka stesheni asizunguke, apitie uani kwangu, aingie akae. Akitaka kuniuliza habari za Ngowa, asiogope. Nitamwambia bado, tunamngoja.